Mwalimu Mstaafu Aliyejipa Jina la Japuonjre

Saa moja kasorobo asubuhi mjini Migori, Elkanah Owuor, mwenye miaka 61, amepiga goti kwenye vumbi la gereji ya bodaboda. Anakaza nati, anailegeza, anatega sikio kwenye injini. Leo hana daftari.

Daftari ndilo lililomponza. Baada ya kufundisha Kiswahili shule za msingi kwa miaka 33, alikuja kujifunza ufundi na kalamu mfukoni. Kila alichoonyeshwa alikiandika, hata nati inazungushwa mara ngapi. Akafunga injini mbili kwa kufuata maandishi yake, na zote zikamzimikia njiani. Alizisukuma pikipiki hizo hadi gereji, watu wakimtazama.

"Mwalimu, hiyo daftari haina masikio," Valary Atieno, 29, fundi mwenye gereji, alimwambia, akalifungia daftari kwenye sanduku la spana. Injini ya tatu ikikataa, alionya, nafasi yake ya kujifunza atapewa mwingine.

Wakati huo wateja hawakujua wamwiteje. Fundi hajawa, na kumwita mwanafunzi mtu mwenye mvi waliona haya. Mwenyewe, ambaye ugonjwa wa kupekua maneno haujamtoka, hakulitaka hilo la pili.

"Mwanafunzi lina mwana ndani yake, na mimi nina wajukuu wanne," anasema akicheka. Alijaribu mwanagenzi, neno la kale la anayejifunza kazi, ingawa nalo lina mwana; waendesha boda wakamuuliza ni dawa ya nini.

Jibu alilipata kanisani Sabato moja, Biblia ya Dholuo, lugha ya Waluo, ikisomwa. Wanafunzi wa Yesu humo huitwa jopuonjre, na mmoja wao ni japuonjre. Alikuwa amelisikia neno hilo tangu utotoni bila kulichungulia ndani.

"Puonjo ni kufundisha. Japuonjre ni mtu anayejifundisha," anaeleza. "Miaka yote hiyo nilidhani ni mimi nawafundisha watoto." Tangu Sabato hiyo anajiita japuonjre.

Gereji hii haitoi cheti. Aliyefunga injini huijaribu mwenyewe hadi darajani na kurudi, peke yake. Siku Valary akipanda nyuma yake, amehitimu. Katika miaka sita, waliobahatika ni wanne tu.

Elkanah anaihitaji siku hiyo. Nyumbani kwake Magunga, pikipiki ikiharibika husukumwa mbali kumtafuta fundi. Mkewe, Marcella, ameshafagia kibanda cha kufanyia ufundi kando ya barabara, na kila jioni humpigia simu kuuliza kama amehitimu.

Sasa anapiga kiki injini yake ya tatu. Injini inawaka. Willis, mwenye pikipiki, amekunja mikono akitazama. Valary anasikiliza, anajifuta oili viganjani, halafu anapanda nyuma.

"Twende, Mwalimu. Pole pole."

Dakika kumi baadaye wanarudi, injini ikinguruma, macho ya Elkanah yamelowa na hayafichi. Anaomba daftari lake. Atalipeleka Magunga mwezi ujao, anasema, likiwa na kurasa nyingi tupu.

"Nitaandika majina ya watakaokuja kujifunza," anasema. "Hayo mengine wataskiza wenyewe."