Nyumba ya Tofali Iliyojifanya ya Udongo

Jamani, mmeshawahi kuona mtu anaipita nyumba yake mwenyewe mchana kweupe?

Mama mdogo wangu Mwantumu ameipita.

Alishuka kwenye basi pale Mkata akitokea Magoma, alikokwenda kumlea mwanawe Hafsa aliyejifungua. Begi kichwani, jogoo wa zawadi kwapani, akashika njia ya kwake. Akatembea weee, mpaka akajikuta kwenye mashine ya kusaga.

Mashine ya kusaga iko mbele kupita kwake.

"We Mwantumu, umezeeka au umerogwa?" akajiuliza kwa sauti.

Akarudi nyuma akiitafuta nyumba yake. Nyumba ya tofali za kuchoma, bati la bluu, madirisha ya nondo. Haipo! Mahali pake pamekaa nyumba ya udongo iliyoezekwa nyasi, na mlangoni amesimama mwanaume mwenye tope mpaka kwenye nyusi.

"Karibu nyumbani, mama Hafsa," mwanaume akasema.

Alikuwa mumewe, Mhina.

Ngoja niwape mkanda mzima. Mama mdogo ameniruhusu kuandika. Mhina hajaniruhusu, lakini Mhina hana simu ya kuingia mtandaoni, kwa hiyo tuendelee.

Mnajua kodi ya jengo inakatwa ukinunua umeme. Basi Mhina jambo hilo lilimkera kupita kiasi. Nyumba ajenge mwenyewe, halafu alipie tena?

Akaja na akili yake. Asiponunua umeme, watamkatia wapi?

Umeme ukasimama. Akanunua taa ya sola, simu yake ya tochi akawa anaichajia dukani kwa Fausta. Televisheni ikafunikwa kanga. Yeye anatembea kifua mbele, eti kawaweza.

Kumbe deni halilali. Kila mwezi linajazana kimya kimya kwenye ile mita, na hofu nayo inajazana kwa Mhina. Mwenyekiti wa kitongoji, mzee Gregori, akiitisha mkutano, Mhina anajifungia ndani. Anaogopa kutajwa jina mbele za watu.

Mama mdogo akiwa Magoma, Mhina akasikia kijiweni kwamba wadaiwa sugu watafuatwa majumbani, na mbishi atafikishwa mahakamani. Jirani yake Sabiri, huku anapuliza kahawa, akadakia kwamba nyumba za udongo hazidaiwi.

Sabiri alikuwa anapiga stori za kahawa tu, hakumshauri mtu. Mhina akaondoka kwenda kuchimba udongo.

"Kwa hiyo umenipakia tope nyumba yangu?" Mwantumu aliuliza. Begi bado liko kichwani.

"Nimeiokoa."

"Umeiokoa? Baba Hafsa, tofali zile nimezifyatua mimi! Na mimba ya Hafsa tumboni, maji nabeba kutoka lambo! Umezizika tofali zangu zikiwa hai!"

"Punguza sauti. Wakija wakikuta tofali, wanaichukua nyumba. Unataka turudi kupanga kile chumba kimoja?"

Hapo alimpata mama mdogo. Kile chumba anakikumbuka, kilikuwa na mlango wa gunia na mwenye nyumba aliyekuwa akiwahesabia ndoo za maji. Nyumba hii ndiyo kitu pekee duniani anachoweza kukinyooshea kidole na kusema hiki nimekifanya mimi. Hasira ikamshuka, woga ukapanda.

Kabla hajatua begi, wakaingia vijana wawili wenye vizibao vya kung'aa. Mmoja ana futi kamba, mwingine ana kamera.

"Shikamooni," alisema mwenye futi. "Naitwa Godlisten. Tumekuja kupima. Kwenye mkutano wa mzee Gregori mlikuwepo?"

"Tulikuwepo!" Mhina aliruka. "Mstari wa mbele kabisa! Tumeelewa kila kitu, mwanangu, usijichoshe kueleza. Andika tu, nyumba ya udongo."

Godlisten akaukwaruza ukuta kwa kucha. Tope likadondoka, wekundu ukachungulia.

"Mzee, hapa naona kama tofali."

"Hilo ni jiwe."

"Lina pembe nne, mzee."

"Mawe ya huku yako hivyo."

Mama mdogo akaona kimeumana. Akajitupa chini na jogoo wake, akaanza kulia kilio cha msibani.

"Jamani wanangu! Mvua ikinyesha tunahamia chini ya meza! Meza yenyewe ya kuazima!"

Jogoo naye akawika. Yule wa kamera machozi yakamlengalenga. Godlisten akaandika: udongo, nyasi, hali mbaya sana.

Mhina akatia sahihi kwa furaha kama anasaini ndoa. Akapigwa picha mbele ya tope lake, tena akaikunja sura ionekane ya njaa.

"Na kile cha tofali kule nyuma?" Godlisten aliuliza.

Choo. Mhina alikisahau! Choo cha tofali, bati jipya, sakafu ya saruji, mlango wenye komeo.

"Kile siyo chetu," alisema bila hata kumeza mate. "Kile cha jirani, Sabiri. Sabiri! Njoo! Si choo chako hiki?"

Sabiri akachungulia juu ya ua. Akaitazama nyumba ya udongo, akavitazama vizibao, akamtazama Mhina anayemkonyeza kwa macho yote mawili.

"Eeh," alisema taratibu. "Changu."

Sabiri naye akatia sahihi, akapigwa picha amesimama mlangoni pa choo, meno yote nje.

Vijana walipoondoka, Mhina alimrushia mama mdogo salamu ya kijeshi. Mama mdogo akacheka, akajipangusa vumbi, akaenda dukani kwa Fausta kununua chumvi.

Pale dukani akakuta wanawake wamefurika, wanapiga vigelegele.

"Mwantumu, umerudi! Na ninyi mmeshapimwa?" Fausta aliuliza. "Mimi wameandika tofali, bati, na kibaraza. Mwenzako naenda kujenga upya!"

"Kupimwa nini?"

"We! Si bomba kubwa la maji linapita? Nyumba litakazozigusa zinavunjwa, na kila mtu analipwa fidia ya nyumba yake. Mzee Gregori alitangaza mkutanoni, mume wako hakukwambia?"

Chumvi ikamponyoka.

Mama mdogo ananiambia hakumbuki alivyofika nyumbani. Anachokumbuka ni kwamba kiatu kimoja kilibaki dukani. Nyumba yake inavunjwa. Na ikivunjwa, atalipwa udongo na nyasi, hali mbaya sana, kwa sababu amelia mwenyewe mpaka wakaandika!

"Baba Hafsa, leta maji!"

Walimwaga ndoo juu ya ndoo. Walisugua kwa mafagio, kwa magunzi, kwa fulana ya Mhina ikiwa bado mwilini mwake. Mama mdogo alikuwa akilia, safari hii kilio cha kweli. Kila tofali lililojitokeza alilipapasa kwa kiganja. Jioni nyumba ilisimama, nyekundu, imelowa, na mkia wa nyasi umening'inia kwenye bati.

Wakakimbia kwa mzee Gregori.

"Sasa mimi nitawaambia nini wale vijana?" mzee alifoka. "Mchana udongo, jioni tofali? Watasema wote tumekunywa! Nileteeni ushahidi kwamba nyumba ni ya tofali. Ya udongo haikatwi kodi. Ninyi kodi ya jengo mmelipa?"

"Kesho tunalipa," Mhina akasema.

Kesho yake mbuzi wao mkubwa akauzwa. Mhina akanunua umeme, ndiyo, Mhina yule yule. Pesa ile ikamezwa karibu yote na deni, wakarudishiwa umeme wa kuchemshia chai. Mhina akaubusu ujumbe wa simu unaosema kodi imekatwa, mbele ya wateja wa Fausta.

"Wamenikata!" alikuwa anapiga kelele. "Jamani, wamenikata kodi! Mimi nina nyumba ya tofali!"

Godlisten akaletwa. Akaitazama nyumba, akautazama ujumbe kwenye simu, akafungua ramani yake juu ya kiti.

Mama mdogo alikuwa ameshika ukuta. Alishaapa kwamba bomba likija, atalala mbele ya mlango.

"Mama," Godlisten alisema, "mbona nyumba yenu haiguswi? Tuliandika tu majengo yote yaliyo karibu na mstari wa bomba. Bomba linapita kule nyuma."

"Nyumba yangu haivunjwi?"

"Haivunjwi, mama. Kinachovunjwa ni choo tu cha mzee Sabiri."

Mhina akaigeukia ramani.

"Kile choo ni changu!" Mhina alipayuka. "Shimo nimechimba mimi! Komeo nimeweka mimi!"

"Mzee," Godlisten alisema kwa upole wote, "juzi ulikuwa na nyumba ya udongo. Leo una ya tofali. Sasa unataka na choo cha mwenzako?"

Akamwonyesha picha. Sabiri mlangoni, meno yote nje.

Mama mdogo alitazama nyumba yake, akamtazama mumewe, akacheka mpaka akakaa chini. Alicheka huku analibusu tofali. Sabiri alisikika upande wa pili wa ua naye anacheka, ila kicheko chake kilikuwa cha chini chini, cha mtu mwenye pesa njiani.

Fidia imeshalipwa. Sabiri amejenga choo kipya kwake, kina vigae, kina taa. Cha Mhina kimevunjwa, na mbuzi wa kujengea kingine alishauzwa.

Ndugu zangu, kama una deni la kodi ya jengo, lipa mapema, na mkutano ukiitishwa, nenda ukakae mbele kweli. Wengine wasipolipa wanapelekwa mahakamani. Mhina yeye kila alfajiri amesimama kwenye ua na ndoo yake ya maji, anabana miguu.

"Sabiri, ndugu yangu, umeamka? Naomba ufunguo."

Na Sabiri siku hizi anachelewa sana kuamka.