Siku Mama Alipopiga Ngoma Redioni

Nilikuwa sijaanza shule siku ile redio ilipotoa sauti ya mama yangu. Watoto wangu sasa wanafanya kazi kwenye ofisi za serikali kule Mtumba, na redio, muziki na habari zote wanazo ndani ya simu zao. Nikiwasimulia hucheka kwa adabu, kama watu wanavyocheka mbele ya mzazi. Siwalaumu. Wao hawakukulia kwenye kijiji chenye redio moja.

Kijiji chetu kilikuwa kwenye vilima vya Kibakwe, na redio hiyo moja ilikuwa ya mzee aliyefanya kazi relini Gulwe mpaka akastaafu. Tulimwita Babu wa Reli. Redio ilikaa peke yake juu ya meza, imefunikwa kitambaa cheupe alichodarizi mkewe, na hakuna aliyeruhusiwa kuigusa. Ilikula betri sita kubwa, zile zile za tochi, na kuzipata ilikuwa mpaka mtu aende Mpwapwa. Kwa hiyo Babu wa Reli aliiwasha kwa ajili ya taarifa ya habari tu. Habari ikiisha, anazima, hata kama muziki ndiyo kwanza unaanza, na watu wanainuka kwenda zao huku wakinung'unika.

Mwaka huo walikuja vijana wawili kwa gari aina ya Landrova kutoka redio ya Dar es Salaam. Walikuwa wanapita vijijini kunasa ngoma za asili. Mama ndiye aliyekuwa akiongoza wanawake wa kwetu wanaopiga muheme, ngoma ndefu ambayo mpigaji huibana katikati ya mapaja. Kwa kawaida muheme ulipigwa kwenye sherehe zetu wenyewe, na baba hakupenda habari ya kuupigia mashine.

"Sasa unampigia nani?" alimuuliza mama. "Watu usiowajua?"

"Na wao hawanijui," mama akajibu. "Tumelingana."

Baba hakumkataza, ila hakulizungumzia tena jambo hilo. Wanawake walipiga, vijana wakanasa, na kabla ya kuondoka wakasema wimbo utatangazwa Jumamosi ya mwisho wa mwezi, saa kumi jioni, kwenye kipindi cha ngoma za asili.

Jumamosi hiyo tangu asubuhi Babu wa Reli alizianika betri zake juani, juu ya ungo, ili zipate nguvu. Alikuwa amepanga kuwasha saa kumi kasoro kidogo, basi. Lakini watu walianza kufika uwanjani kwake kabla ya mchana. Wanawake wa muheme walikuja wamejifunga khanga zao nzuri. Alikuja katekista, wakaja wafugaji waliokuwa wakipitisha ng'ombe, akaja na mfanyabiashara mmoja Mrangi wa Kondoa, aliyekuwa akizunguka vijijini kuuza nguo na alikuwa amefikia kwa jirani yetu. Bibi yangu mzaa baba aliletewa kigoda, akakaa mbele kabisa. Uwanja ukajaa.

"Watu wote hawa wamekaa tu," mke wa Babu wa Reli akamwambia mumewe. "Si uwafungulie kidogo?"

"Kidogo," mzee akakubali. Akazirudisha betri moja moja, akafunua kitambaa, akawasha.

Hapo ndipo mambo yalipoharibika, maana kidogo hicho hakikuwa na mwisho. Ilianza taarifa ya habari. Ikafuata nasaha kwa wakulima, na mtu mwenye sauti nzito akaeleza namna ya kuhifadhi mahindi yasiliwe na wadudu. Wazee wakambishia kwa sauti kama vile yuko uwanjani pale. "Huyo hajawahi kuwa na ghala," alisema mmoja, na wenzake wakaitikia. Ukaja muziki wa taarabu, na Babu wa Reli aliponyosha mkono kuzima, watu wakapiga kelele mpaka akaurudisha mkono. Halafu yakaja matangazo ya vifo. Uwanja wote ukanyamaza. Mtangazaji alisoma majina ya marehemu, na ya ndugu wanaopewa taarifa popote walipo, Bukoba, Songea, Mtwara. Hatukumjua hata mmoja. Bibi yangu alijifuta macho kwa upindo wa khanga.

"Unamlilia nani, mama?" katekista akamuuliza.

"Huyo wa Mtwara," bibi akasema. "Ameacha watoto wadogo. Hukusikia?"

Jua lilipoanza kupoa, sauti ya redio nayo ikaanza kupoa. Kwanza ilikuwa kama mtu anayeongea akiwa chumba cha pili, kisha kama mtu aliyefunikwa blanketi. Babu wa Reli aliizima haraka, akaketi, akashika kichwa.

"Zimekwisha," alisema.

Wanawake wa muheme wakatazamana. Mama alikuwa amesimama nyuma, karibu na ukuta, na nilimwona akiikaza khanga yake kiunoni, akaifungua, akaikaza tena.

Aliyeongea ni yule mfanyabiashara wa Kondoa. "Mzee, redio hii si inatumia betri za tochi?"

"Ndiyo."

"Basi tochi hapa kijijini ziko ngapi?"

Watu walitawanyika mbio. Yeye mwenyewe alikuwa wa kwanza kurudi na tochi yake, akaitoa betri na kumkabidhi mzee. Katekista akaleta ya kwake. Akaja mlinzi wa shule, wakaja wengine. Babu wa Reli alizipima kwa kuzitia moja moja ndani ya tochi na kuangalia mwanga. Nyingi zilikuwa zimechoka kama zake. Alizichagua zilizokuwa bora, akazipanga, akawasha. Redio ikakoroma tu.

"Bado mbili nzuri," alisema. "Nikipata mbili tu nzima."

Wakati huo nilimwona baba. Alikuwa ameaga asubuhi kwamba anakwenda shamba, na sote tulijua kwa nini. Sasa alikuwa anakata katikati ya watu, jembe begani, na mkononi ana tochi yake. Kila mtu kijijini aliijua tochi ile. Mahindi yalikuwa yanakaribia kukomaa, na usiku baba alilala kibandani shambani, akiwamulika nguruwe pori na kuwafukuza. Betri zake zilikuwa mpya.

Alimpa Babu wa Reli tochi nzima. "Shikamoo, mzee. Chukua."

"Marahaba. Na nguruwe je?"

"Waache wale leo," baba akasema. Akaenda kusimama mlangoni, mbali na mama, akaangalia vilimani.

Redio iliwaka kwa sauti tuliyokuwa hatujawahi kuisikia, kubwa na safi. Kipindi kilikuwa kimeshaanza. Tukasikiliza zeze la watu wa kwingine, tukasubiri. Halafu, bila taarifa yoyote, ikasikika sauti ya mwanamke ikisema, "Mbukwenyi!" Hiyo ndiyo salamu yetu Wagogo, na sauti ilikuwa ya mama. Nilimgeukia. Mdomo wake ulikuwa umefungwa, ameufunika kwa mkono, na bado sauti yake ilikuwa inatoka mezani. Ngoma zikaingia.

Nilidhani wanawake wangeshangilia. Wakaanza kusutana.

"Umechelewa hapo, sikiliza, umechelewa!"

"Mimi? Ni wewe uliyekimbia!"

"Mkwe wangu ameanza juu mno," bibi akatoa hukumu, ingawa machozi yalikuwa yanamtoka tena. "Nilimwambia aanze chini."

Mmoja akashindwa kujizuia, akapiga vigelegele, wengine wakamfuata, na kwa kelele zao hatukuusikia mwisho wa wimbo. Tukanyamaza tu pale mtangazaji aliposema kwa furaha, "Hao walikuwa akina mama wa Mpwapwa mjini."

Wanawake wakaigeukia redio.

"Kasema wa wapi?" mama akauliza. Lilikuwa neno lake la kwanza tangu mchana.

"Wa Mpwapwa mjini," katekista akajibu kwa upole.

Sijawahi kuona hasira ya namna ile. Akina mama wa Mpwapwa mjini walikuwa na kikundi chao cha muheme, na ubishi wa nani hodari ulikuwa wa miaka mingi. Wanawake walisimama wote, wakaifokea redio, wakamfokea Babu wa Reli, ambaye alijitetea kwamba yeye hakusema kitu. Mlangoni baba alikuwa ameinama, mabega yanatikisika. Alikuwa anacheka. Mama alipomwona, naye akacheka, na tangu vijana wale waje sikuwa nimewaona wakicheka pamoja.

Asubuhi iliyofuata tulikuta nguruwe wamekula kona nzima ya shamba. Baba aliyaokota magunzi, akayatupa pembeni.

Mwalimu wa shule alijitolea kuwaandikia wanawake barua ya kwenda redioni kusahihisha. Mama alikataa. "Wewe ukiandika, watasema ni maneno ya mwalimu," alimwambia. "Sisi tuliopiga tutaandika wenyewe." Hakuna hata mmoja wao aliyejua kuandika. Kisomo cha watu wazima kilikuwapo jioni shuleni, lakini wahudhuriaji walikuwa wanaume wachache. Wiki ile kikundi kizima cha muheme kiliingia darasani, wengine na watoto mgongoni, wakakaa kwenye madawati madogo ya watoto. Mwalimu alilalamika kwamba walikuwa wakigonga madawati kama ngoma.

Mavuno yalipita, vitunguu vikapandwa, na barua bado. Walipoiandika hatimaye ilikuwa mistari michache, herufi kubwa kama mayai. Ilipelekwa Mpwapwa na basi. Tukasubiri, na Jumamosi nyingi zikapita tukiwa uwanjani kwa Babu wa Reli, ambaye sasa alikuwa akiwasha redio kwa kipindi kile bila kuombwa.

Siku ilipokuja, mtangazaji aliisoma barua yote, polepole. Akaomba radhi. Akalitaja jina la mama na la kijiji chetu, huko Kibakwe, kisha akaupiga wimbo tena kutoka mwanzo.

"Mwambie aseme tena," baba akamwambia Babu wa Reli.

"Hasikii, bwana. Ni redio."

"Ah," baba akasema, na akabaki anatabasamu.

Kisomo hawakukiacha. Mama ndiye aliyesema nipelekwe shule, na baba, ambaye alikuwa akinihitaji kwa kuinga ndege wasile mazao shambani, hakubisha. Januari nilianza darasa la kwanza. Jioni tulikaa karibu na jiko, mama na mimi, kila mmoja na kitabu chake. Alikuwa mbele yangu kwa kurasa kadhaa, na kila nilipokaribia kumfikia alivuta taa upande wake na kuongeza mwendo.