Mama Vikorombwezo na Uzi Mwembamba

Jumanne, tarehe 14 Mei. Manyunyu tangu alfajiri, baridi ya kuvaa sweta, dirisha la ofisi limefanya ukungu kwa ndani.

Mama Vikorombwezo aliingia saa mbili kasorobo, akatundika mwavuli kwenye msumari wake, akakaa mbele ya kompyuta. Duka lao la ala za muziki lilikuwa la mtandaoni. Halikuwa na kaunta, ila chumba hiki na bohari nyuma yake, ambako magitaa na vinanda vilisimama ndani ya maboksi. Kwa miaka tisa kazi yake ilikuwa moja: mtu akinunua ala kwa mara ya kwanza, yeye humwandikia kabla mzigo haujatoka, amweleze atahitaji kitu gani kingine. Nyuzi za akiba, mkoba, kile kidude kinachobanwa kichwani mwa gitaa kuonyesha kama sauti imekaa sawa. Vikorombwezo, alisema mfungaji mizigo siku moja, na jina likamganda.

Lilikuwa la utani kwelikweli, maana hakuna aliyeuza vikorombwezo vichache kuliko yeye.

"Mama, wewe unauza au unakataza?" meneja, kijana wa kumzaa, alimwuliza tena asubuhi ile.

"Nawaambia ukweli, mwanangu. Mtu hajajua hata kulishika gitaa, unamjazia madude ya nini?"

"Dada yangu huyu angekuwa mpishi," mfungaji mizigo akadakia kutoka bohari, "tungekula bila chumvi mpaka tufe."

Mama Vikorombwezo alikuwa na sababu yake. Baba yake alipostaafu alinunua kinanda, na muuzaji akamtwisha stendi, kiti, taa na vitabu vinne. Mzee akavitazama vyote vile, akaona haya kuanza. Alifariki kinanda kikiwa bado kwenye nailoni yake. Tangu hapo kila ujumbe wa binti yake kwa mnunuzi mpya uliisha kwa maneno yaleyale: "Hii peke yake inakutosha kwa kuanzia."

Alikuwa pia na tabia ya kumpigia mteja simu wiki mbili baada ya mzigo kufika, jambo ambalo hakuna aliyemtuma. Siku ile wa kwanza kwenye daftari lake alikuwa mzee mmoja, fundi baiskeli. Alimkumbuka vizuri. Aliagiza gitaa dogo, akauliza, "Nichukue na nyuzi za akiba? Na hicho kidude?" Naye akamjibu kwa moyo mweupe, "Usijisumbue, mzee wangu. Linatosha."

Simu iliita sana kabla ya kupokewa.

"Shikamoo, mzee. Napiga kutoka duka la ala. Gitaa linaendeleaje?"

"Marahaba, mwanangu. Uzi ulikatika siku ya pili. Ule mwembamba. Nilikuwa naukaza, nasikiliza, naona bado, naukaza tena. Kumbe nilishapitiliza zamani. Ukalia pwaa!"

"Pole, mzee."

"Mke wangu alicheka mpaka akakohoa. Alikuwa hawezi kuinuka tena kitandani. Kuna wimbo nilikuwa namwimbia wakati wa uchumba, akaniambia, 'Vidole vyako umevimaliza kwenye grisi za watu, na mimi nipe siku moja.' Jirani akanionyesha jinsi ya kuupata kwa nyuzi mbili tu, ule mwembamba na unaoufuata. Nikajua nitaweza."

Mama Vikorombwezo alikuwa ameshika kalamu. Akaiweka chini.

"Nyuzi hapa kwetu haziuzwi. Nikaagiza kwenu siku ileile. Mkasema siku nne." Mzee akavuta pumzi. "Yeye alinisubiri tatu. Mzigo niliukuta mlangoni tunarudi makaburini."

"Mzee wangu, mimi ndiye niliyekwambia usinunue."

"Najua. Ule ujumbe ninao. Nilimsomea mke wangu, nikamwambia, tazama, bado kuna watu hawana tamaa." Sauti yake haikuwa na hasira hata kidogo, na hapo ndipo ilipomchoma zaidi. "Lakini mimi pia, mwanangu! Miaka arobaini sijawahi kutoka nyumbani bila mpira wa akiba. Nikaacha nyuzi."

"Nikuelekeze kuufunga? Hata sasa hivi. Pole pole, mpaka ukae sawa."

"Nimpigie nani sasa hivi?"

Hakukata simu. Mama Vikorombwezo alisikia saa ya ukutani kule kwa mzee ikigonga, mahali pasipo na sauti nyingine. Kisha mzee akasema, "Haya, kazi njema," kama mtu anayemsindikiza mgeni mlangoni.

Mfungaji mizigo alipoleta chai alimkuta amekaa vilevile. "Dada, umefiwa?"

"Si mimi."

Alimweleza. Yule bwana aliweka kikombe mezani, akageuza mpini upande wake, akarudi bohari polepole. Chai ikapoa. Mchana Mama Vikorombwezo alifungua jumbe zake za zamani akazisoma moja moja, mpaka macho yakauma. Miaka tisa aliwaambia watu kinachowatosha. Hakumwuliza hata mmoja anakitakia nini.

Kesho yake mvua ilikuwa imekata. Alifika mapema kuliko wote. Oda ya kwanza ilikuwa ya mama mmoja, gitaa, mara yake ya kwanza kununua. Vidole vyenyewe vikaandika "linakutosha," akafuta. Akaandika: "Kabla sijakushauri lolote, naomba uniambie: linapigwa kwa ajili ya nani, na linahitajika lini?"

Akatuma. Hakufungua oda ya pili. Alikunja mikono mapajani, akasubiri jibu.