Nimekandwa na Mamake Nafula

Wasee, leo nimekubali kwenda kwa wakwe nikiwa nimelala kifudifudi na taulo tu.

Miguu ilikuwa imekaza baada ya mbio za jana, nikaingia kwa mama mmoja anayefanya masaji hapa Riruta. Alikuwa ananikanda vizuri, tunapiga stori.

Simu yangu ikaita. Picha ya Nafula, msichana wangu, ikajaa kwa skrini.

Mikono ikasimama.

"Huyu si mtoto wangu?"

Nikaigeuza simu upesi. Wewe ungefanya nini?

Akanirudia, sasa na kiwiko, katikati ya kigimbi. "Nyumbani unakuja lini kujitambulisha?"

"Jumamosi, mama! Jumamosi!"

Akalegeza kidogo. "Nikupikie kuku ama samaki?"

Nafula mwenyewe bado hajui anaolewa. Nimwambieje?