Msamaha wa Kwenye Maegesho

Mwanangu, iko Jumapili moja ya mwaka 2018 ambayo sipendi kuikumbuka, lakini nitakusimulia. Nilikuwa Haltom City, kule Texas. Nilifika Marekani na sanduku moja, nikajisomesha mwenyewe, nikarudi na diploma ya sanaa za maonyesho. Ile pale ukutani. Hakuna aliyenishika mkono.

Kanisani kwetu, Warundi na Wakongo waliandaa mchezo wa Kiswahili juu ya mwigizaji mmoja Mmarekani wa karne ya kumi na tisa. Alianza kwa kuwasha taa za jukwaa, akaja kuigiza wafalme miaka arobaini. Uzeeni alisahau maneno mbele ya watu. Akamtoa nyuma ya pazia mtu aliyemkumbusha, akamwinamia. Nafasi ya mwigizaji huyo nilipewa mimi. Angepewa nani mwingine?

Mazoezi sikwenda. Mama Esperansi, Mrundi aliyefanya usafi hotelini, hakukosa hata moja. Yeye ndiye angekaa nyuma ya pazia na maandishi, anikumbushe. Siku ya mchezo alileta wanawe wawili wamwone mama yao akifanya kitu zaidi ya kutandika vitanda vya wageni.

Katikati nikasahau. Akaninong'oneza. Watu wakaanza kucheka, nami nikageuka na maikrofoni mkononi: "Mama, usinivuruge! Hapa hatufagii!"

Ukumbi mzima ukaangua kicheko. Wanawe waliinamisha vichwa. Na tulipofika mahali pa kumtoa yule mkumbushaji, niliparuka. Nikainama peke yangu, nikapigiwa makofi.

Baadaye nilimfuata kwenye maegesho. "Mama, nisamehe. Ulimi uliteleza."

"Bwana Diploma," akasema, "kunitukana umetumia maikrofoni, kuniomba msamaha unanong'ona? Rudi ndani ukawaambie. Wanangu bado wako pale."

"Watu wanakula sasa, mama. Jumapili ijayo."

Jumapili iliyofuata nilikuwa na kisingizio, na Jumapili nyingine pia. Kisha akahamia Houston. Nilimpigia simu, akanisamehe, tena kwa upole. Lakini wanawe hawakusikia. Wamekua wakiamini mama yao ndiye aliyeharibu mchezo.

Basi, mwanangu, ukimwaibisha mtu mbele ya watu, muombe radhi mbele ya watu haohao, siku hiyohiyo, kabla hawajatawanyika. Soma, upate vyeti kunizidi. Na Mungu akujalie moyo wa kusema "nimekosa" kwa sauti, wenye haki ya kusikia wakiwa wangali wamekaa.