Theuri, Mrushaji wa Mazishi

Kama una mtu wako ng'ambo na umewahi kuzika huku Naro Moru, Theuri unamjua. Zamani alikuwa akiwabebea watalii mizigo mlimani, hadi goti likamkataa. Akanunua simu nzuri na stendi yake, akaanza kurusha mazishi moja kwa moja kwenye Facebook, ili walio Marekani wasioweza kuja wamlilie mtu wao hata kwa simu. Mimi ni jirani yake, na nilikuwa nikimtania, "Wee Theuri, ni wewe tu hufurahia kuona tenti ya matanga!" Anacheka tu, anafuta kioo cha kamera kwa sweta.

Sasa sikiliza. Kagure, binti ya Jeniffer, alikufa akijifungua, yeye na mtoto. Ambulensi ya kituo cha afya ilikuwa imesimama hapo hapo uani, haina mafuta. Sote tulijua. Lakini kwetu, kwenye mazishi, hayo hayasemwi. Wasifu wa marehemu ukaandikwa vile huandikwa, ati aliugua kwa muda mfupi. Mheshimiwa wetu wa kaunti akaja na shada kubwa la maua, akaongea mpaka jua likatuchoma. Ndipo Jeniffer akainuka bila kuitwa na kumpokonya pasta maikrofoni.

"Mtoto wangu hakuwa mgonjwa," akasema. "Ambulensi haikuwa na mafuta, na nyinyi mnajua."

Jameni! Wazee wa kanisa wakamwashiria Theuri azime simu. Theuri akajifanya hawaoni. Alimwacha yule mama aseme hadi akamaliza, na kufikia jioni watu wa Nanyuki walikuwa wanatumiana hiyo video.

Wiki hiyo hiyo polisi wakamchukua Theuri, wakampeleka Nyeri. Kosa lake, kueneza uongo mtandaoni. Uongo gani? Mimi nauliza hadi leo, uongo gani? Wakamwambia afute video aende nyumbani. Akakataa. Watiri, mke wake, alikuwa akimpelekea chakula na kurudi nacho vilevile, macho yamevimba. Mwishowe Jeniffer mwenyewe akaenda.

"Futa, mwanangu," akamwambia. "Mimi nimezika wawili. Sitaki Watiri naye azike."

Theuri akaifuta mbele ya polisi.

Alirudi akiwa mtu mwingine. Mazishi bado alirusha, maana watoto lazima wale. Lakini mtu asiye kwenye programu akishika maikrofoni, Theuri alikuwa anageuza kamera polepole kwenye maua na kuzima sauti. Nilimkasirikia sana. Siku moja nikamwambia kwenye ua, "Kumbe wewe ni mwoga hivi!"

"Mama Mutahi," akanijibu, "wewe hujalala kule."

Mwaka huu mume wangu Ben alianguka shambani, kifua kimembana. Ile ambulensi ilikuwa pale pale, na mafuta hakuna. Tukamweka kwenye boda boda, mimi nyuma nimemshika kiuno. Nikasikia kichwa chake kikilegea begani kwangu kabla hatujafika hata barabara kubwa. Nilimwita jina lake. Nilimwita na kumwita.

Mutahi, mtoto wetu, yuko Boston. Hangeweza kuja, karatasi zake hazijakamilika, kwa hivyo nikamwita Theuri arushe mazishi. Na mheshimiwa akaja na maua yake. Alipoketi nikasimama, nikanyakua maikrofoni. Nilisema yote. Nilimtaja Kagure, nikamtaja mtoto wake ambaye hakupata hata jina, nikamtaja Ben wangu na ile boda boda. Sikumtazama mheshimiwa. Nilimtazama Theuri, kwa sababu huko ndiko mwanangu alikokuwa. Theuri alikuwa analia, machozi yanashuka hadi kwenye kola, na mkono wake unageuza simu.

Jioni Mutahi akapiga.

"Mama, pole," akasema. "Nilikuona ukisimama. Ulisema nini? Sisi huku tuliona tu maua."