Ute wa Jicho la Mama

Mama alikuwa haoni tena mistari midogo ya bomba la sindano, ndiyo maana nikarudi Jambiani kumdunga insulini mimi. Sukari ilikuwa imemla macho. Kabla ya hapo sikuwa mtu wa kukaa mahali: nimebeba mizigo bandarini Malindi, pale mjini, nimepaka rangi hoteli, nimefagia maabara moja ya mjini kwa karibu mwaka mzima. Skuli niliiacha darasa la sita, lakini pale maabara nilijifunza kuliko darasa lolote, kwa sababu mpimaji wake, mama mmoja wa makamo, hakuchoka kuulizwa.

Siku moja zililetwa chupa mbili za maiti mmoja, moja ya damu, nyingine ya maji maangavu mazito kidogo. Nikauliza.

"Huo ni ute wa jicho," akasema. "Damu ya maiti ni muongo. Ina chembe hai ndani, na mtu akishakufa chembe zile bado zinakula sukari. Jicho ni kama chumba kilichofungwa, mambo huharibika humo polepole. Hata chumvi zake hupanda taratibu, mtu akaweza kukisia saa ya kufa."

"Kwa hiyo jicho halisemi uongo?"

"Husema, ila huchelewa. Ukikuta sukari nyingi jichoni, mtu huyo alikufa nayo nyingi. Ukikuta kidogo, hujui kitu. Labda alikuwa nayo kidogo, labda imeliwa baadaye."

Mimi jambo nikiambiwa silali mpaka nilione. Nikaenda Jambiani kuazima mashine ya mama ya kupimia sukari, nikarudi nayo soko la Mwanakwerekwe kwa muuza nyama.

"Nipe kichwa cha mbuzi, na damu yake kidogo kwenye kikopo."

"Damu? Mganga wewe?"

"Nnataka kuipima sukari."

"Mbuzi wangu hanywi chai, bwana!" Wenzake wakacheka, mmoja akaniuliza kama nitampima na ng'ombe presha.

Niliikoroga ile damu kwa kijiti isigande, nikaipima mchana, nikaipima tena jioni. Nambari ilikuwa imeporomoka. Ya jichoni ilishuka kidogo tu. Mpimaji alinionya kwamba mashine ile imetengenezwa kwa damu ya mtu hai, nisijione profesa. Lakini nilifurahi wiki nzima.

Mfunguo mosi, mwezi unaofuata Ramadhani, wanawake wa kwetu hufunga sita, siku sita za hiari. Ni funga ya kimya, mtu hatangazi. Mama alikuwa amekatazwa kufunga na daktari, na Ramadhani nzima alikuwa akila mchana akiwa ameupa mlango mgongo, kama mwizi. Mimi sikufikiria kwamba baada ya Idi anaweza kutaka chochote zaidi.

Asubuhi moja ya mwezi huo nilitoa dawa kwenye chungu cha mchanga wa majimaji tulimoihifadhi ipate baridi, nikavuta kipimo cha kila siku.

"Ushakula, mama?"

"Nidunge tu, mwanangu. Muhogo nnauona."

Tukacheka sote wawili, maana alikuwa haoni kitu. Dawa ile hushusha sukari, na bila chakula yaweza kuua, ndiyo maana siku zote nilingoja mpaka atie tonge la kwanza mdomoni. Siku hiyo sikungoja. Kulikuwa na pampu ya maji inafunguliwa hotelini, nami nilitaka kuona ndani yake.

Niliporudi, adhuhuri ilikuwa imeshapita. Alikuwa amelala kwa ubavu juu ya mkeka, mkono chini ya shavu, ameshapoa. Nikamfumba macho. Kabla sijaita mtu nikamchoma kidole, nikakikamua. Mashine ikaonyesha kwamba sukari iko chini hata haipimiki. Pembeni kulikuwa na sahani ya muhogo chini ya kawa, haijaguswa.

Nilimpigia simu yule mpimaji.

"Pole sana, baba. Damu hiyo usiisikilize. Mleteni mjini, daktari amtoe ute kidogo. Sindano yake nyembamba, hata alama hamtaiona. Lakini iwe leo."

Jicho likikutwa na sukari nyingi, basi si sindano yangu iliyomuua. Hilo tu ndilo nililolitaka duniani. Lakini mjomba alikuwa ameshaagiza sanda, maziko baada ya alasiri.

"Mjomba, nnaomba tumpeleke mjini kwanza, wamtazame jicho."

"Jicho lina nini?"

"Litasema amekufa na nini."

"Amekufa kwa siku yake. Unataka mamako atobolewe jicho, kisha alale mjini hajazikwa?" Akanisogelea. "Kuna mtu unamshuku?"

Wanaume wote uani waligeuka kunitazama. Nilitakiwa kusema maneno mawili tu: najishuku mwenyewe.

"Hapana, mjomba."

"Basi chukua jembe."

Tulimzika kabla jua halijatua. Tuliporudi, jirani yetu, bibi aliyekuwa akilima mwani pamoja na mama, alitoka upande wa wanawake akanishika mkono.

"Usijiumize. Mamako kafa na funga yake. Jana tulinuia pamoja, sita yetu ya kwanza. Nikamuuliza, na sindano je? Akasema sindano si chakula, haifunguzi. Akanambia nisikwambie, utamkatalia."

"Mashaallah," wakasema watu. Habari ikapita uani, na kila aliyeingia akaambiwa, na nyuso zikapata nuru kidogo. Mimi nilikuwa nikiwaza kwamba jibu bado lipo, jichoni, chini ya mchanga hatua chache tu kutoka pale, na kwamba linaanza kuharibika. Hata saa sitaijua: kama alikuwa akifa wakati mimi nainua kifuniko cha pampu, au baadaye.

Adhana ya magharibi ikalia. Yule jirani akauliza kama kuna chochote cha kufungulia, maana naye alikuwa amefunga. Nikaingia ndani, nikamletea ile sahani, nikaondoa kawa mwenyewe.

"Alisema ataniwekea," akasema, akamega.

Nikasimama mbele yake mpaka alipotia tonge la kwanza mdomoni.